Nataka kuhama huduma za makampuni makubwa niende chanzo huria. Naanzia wapi, na je, huko ndiko kwenye faragha kweli?

#1 Mwanagenzi
Habari zenu wakuu. Mimi si mtu wa kompyuta, naomba mniandikie kwa lugha ya kawaida.

Nilikuwa napiga soga na mwenzangu kuhusu magodoro. Kwa mdomo tu, simu ziko mezani. Jioni nafungua simu, magodoro ya kila aina yamejipanga kwenye matangazo. Nikaingia kwenye ukurasa wa ruhusa, sehemu ambayo sikuwahi kuifungua tangu niwe na hii simu. Tochi niliyoipakua ina ruhusa ya kujua nilipo, na imeandikwa "wakati wote". Kibodi niliyoiweka kwa ajili ya vikaragosi vyake inasoma orodha yangu ya majina. Nikabaki nashangaa, tochi inataka kunifuata wapi?

Kuna mtu akaniambia dawa ni moja: achana na programu za makampuni makubwa, tumia za chanzo huria, hizo hazina upelelezi. Nikatafuta nikakuta majina kibao: Signal, Proton, Firefox, F-Droid, Nextcloud, Linux. Kichwa kinauma. Naanza na ipi? Na ni kweli kwamba ukishaingia chanzo huria hakuna anayekuchungulia?

#2 Sijali
Kwani una nini cha kuficha? Nunua godoro ulale. Nimeweka kambi hapa, wajuzi wanakuja.

#3 Bi Nukta
Karibu mkuu. Anza na kivinjari, kwa sababu ndipo unaposhinda na ndipo kubadilika hakuumizi. Pakua Firefox, kisha uongeze kiendelezi kinachoitwa uBlock Origin. Kinazuia matangazo na vile vijisimbo vinavyokufuata kutoka tovuti hii hadi ile. Kwenye Firefox ya Android kinafanya kazi vilevile, jambo ambalo Chrome ya Android haijawahi kuliruhusu. Kwenye kompyuta Chrome imekizima baada ya kubadili kanuni zake za viendelezi, ile wanayoiita Manifest V3. Kilichobaki huko ni toleo jepesi lenye uwezo mdogo.

Usifute cha zamani. Tumia vyote viwili mpaka utakapoona kile cha kwanza hukifungui tena.

#4 Kufuli
Namheshimu Bi Nukta ila ameanzia katikati. Cha kwanza ni kitunza nywila. Mleta uzi anakwenda kufungua akaunti mpya kila kona. Akitumia nywila ileile ya jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, kazi yote ya bure. Bitwarden kama anataka nywila zimfuate kwenye simu na kompyuta. KeePassXC kama anataka kila kitu kikae kwenye faili moja mkononi mwake (kwenye simu faili hilohilo linafunguliwa na KeePassDX). Zote chanzo huria.

Angalizo kwa wa faili: ukisahau nywila kuu hakuna wa kumpigia simu. Hakuna kitufe cha "umesahau nywila?". Ndugu yangu mmoja faili lake analo hadi leo, analitazama tu. Iandike kwenye karatasi, uiweke unapoweka vyeti vyako, na nakala ya faili iwe mahali pawili.

#5 Mzee wa Terminali
Mmekimbilia majina ya programu, swali la pili la mleta uzi hakuna aliyeligusa. Na ndilo swali lenyewe.

Chanzo huria maana yake msimbo, yaani maandishi ambayo programu imeundwa kwayo, uko wazi: una haki ya kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Basi. Leseni haisemi chochote kuhusu data yako inakwenda wapi. Msingi wa Android ni chanzo huria. Chromium, ambayo Chrome imejengwa juu yake, ni chanzo huria. Je, Google imeacha kujua ulipo? Naweza kuandika programu ya kupeleleza watu kesho asubuhi, nikaweka msimbo wake hadharani, nayo ikaitwa chanzo huria bila kosa lolote.

Halafu msimbo kuwa wazi si lazima kuna mtu anausoma. Kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed iligunduliwa mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, baada ya kukaa humo takriban miaka miwili mbele ya macho ya kila mtu. Mwaka 2024 ikaja ya xz, kijiprogramu cha kubana mafaili kilichomo karibu kila Linux, ule mfumo endeshi wa chanzo huria. Mtu aliyejiita Jia Tan alijipendekeza kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili, akasaidia kazi, akaaminiwa, akapewa funguo, ndipo akapandikiza mlango wa siri. Aliyemkamata ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ambaye alikerwa kuona kuingia kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine kupitia mtandao) kunachelewa kama nusu sekunde, akaanza kuchimba.

Kwa hiyo mwanangu, uliyeambiwa "hizo hazina upelelezi" umeambiwa nusu.

#6 Sijali
Mtu kauliza tochi, Mzee kamvusha hadi chumba cha seva.

#7 Kufuli
Mzee, hiyo ya xz inakuumbua mwenyewe. Freund aliona kuchelewa, akafungua msimbo, akafuata uzi hadi mwisho wake. Ingekuwa programu iliyofungwa angefanya nini? Angetuma barua pepe ya malalamiko na kujibiwa "jaribu kuwasha upya".

#8 Mzee wa Terminali
Ilikamatwa kwa bahati na kwa ukaidi wa mtu mmoja. Na ujue hili: sehemu iliyokuwa inawasha ule mtego haikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaitazama. Ilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua peke yake. Wewe uliyesoma msimbo wote wa hazina usingeiona.

#9 Nuru
Nirudi kwenye godoro, maana naona limesahaulika. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 wakitafuta zile zinazowasha maikrofoni kimyakimya na kutuma sauti. Hawakuipata hata moja. Walichokuta ni programu zinazorekodi kioo cha simu na kutuma picha au video zake kwa kampuni za nje, na hicho hakuna aliyekuwa anakitafuta.

Ninavyoona mimi, mwenzako ndiye aliyetafuta magodoro kabla ya mazungumzo, ndiyo maana mada ikazuka. Mpo kwenye Wi-Fi moja, anwani ya mtandao ni moja, simu zenu zinalala sehemu moja. Wauza matangazo wanawahesabu kama nyumba moja. Tangazo lake limekuja kwako. Hakuna aliyehitaji kusikiliza.

#10 Kipanga
Nuru hiyo tafiti ni ya zamani, dunia imesonga. Mwaka 2024 lilivuja wasilisho la Cox Media Group, kampuni ya Marekani, likiwanadia watangazaji huduma waliyoiita ya kusikiliza mazungumzo kupitia vifaa vya watu. Wenyewe wameandika, si mimi. Na Januari 2025 ikaripotiwa kwamba Apple imekubali kulipa dola milioni 95 kwa kesi ya Siri, msaidizi wake wa sauti, kurekodi watu. Hizo hela mtu halipi kwa kosa ambalo hakulifanya.

#11 Bi Nukta
Kipanga, tutenganishe. Kesi ya Siri ilihusu msaidizi kuwaka bila kuitwa na vipande vya sauti kufika kwa watu wengine. Apple ilikana kosa hadi mwisho na ililipa kumaliza shauri. Kuna walalamikaji waliodai waliona matangazo ya walichokizungumza, lakini madai hayo hayakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Na karatasi ya muuza matangazo anayejinadi kwa wateja, tangu lini ikawa ushahidi? Muuzaji anaweza kuandika kwamba anasoma ndoto.

#12 Kipanga
Dada Nukta, mimi sijasema imethibitishwa. Nimesema mwizi kajitaja, ninyi mnamtetea.

#13 Sijali
Mna uhakika hayo magodoro hayakuwepo siku zote? Mtu anapita kwenye tangazo mara mia halioni. Siku akilizungumzia ndipo macho yanafunguka. Mimi nina imani na hii kuliko maikrofoni na Wi-Fi zenu.

#14 Mwanagenzi
Asanteni sana, nasoma yote. Nimemuuliza mwenzangu. Anasema hakutafuta, ila aliingia duka la fanicha akakaa humo muda. Sasa sijui niwape ushindi akina nani.

#15 Nuru
Hapo linaingia la mahali, na tochi yako nayo inaingia. Programu ndogo za bure mara nyingi zina vipande vya msimbo vya kampuni za matangazo ndani yake. Zinakusanya mahali ulipo pamoja na kitambulisho cha matangazo cha simu, kisha data inauzwa kwa madalali. Wa godoro hahitaji kujua jina lako, anahitaji kitambulisho cha simu fulani iliyosimama dukani na nyingine inayolala nayo nyumba moja.

Fanya hivi leo. Fungua Mipangilio, sehemu ya faragha au ya Google kutegemea simu, tafuta palipoandikwa Matangazo. Kwenye Android za miaka ya karibuni kuna mahali pa kufuta kitambulisho cha matangazo. Kifute. Kisha rudi kwenye ruhusa za Mahali, kila kilichoandikwa "wakati wote" kigeuze kiwe "wakati wa kutumia tu" au kikatae kabisa. Tochi ifute, simu yako ina yake. Wa iPhone, tangu iOS 14.5 ya mwaka 2021 programu inalazimika kukuuliza kabla ya kukufuatilia kwenye programu nyingine, jibu ni hapana kila mara. Na kabla ya kupakua kitu, angalia jina lake kwenye Exodus Privacy, wanaonyesha programu ina vifuatiliaji vingapi na vya nani.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji uhame popote.

#16 Fundi Seva
Nuru kaongea. Sasa tuje kwenye mazungumzo, maana huko ndiko watu wanakotaka kuhama kwanza na ndiko kugumu kuliko kote.

Signal, programu ya kutumiana ujumbe, ndiyo jibu langu. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka watoe taarifa za watumiaji wao. Walichoweza kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho, kwa sababu kingine hawakuwa nacho. Ahadi ya "hatutatazama" ni rahisi kuivunja. Usichonacho hakuna wa kukulazimisha ukitoe.

Ugumu ni watu. Niliwahamisha ndugu wote, nikawawekea kwa mkono wangu, kundi likachangamka kweli. Kisha mmoja akabadili simu hakurudi, mwingine akasema mambo yote ya kazini yako kule kwa zamani, mwisho kundi likabaki na mimi na mama. Tunasalimiana humo kila siku. Kundi lenyewe limehamia kule lilikotoka na mimi nimo.

#17 Mtaa wa Nne
Kwa nini Signal wakati Telegram ipo, ni chanzo huria na ina kila kitu?

#18 Kufuli
Kilicho wazi ni programu ya kwenye simu. Seva ya Telegram imefungwa. Na kubwa zaidi, soga za kawaida za Telegram hazifungwi kwenye simu yako na kufunguliwa kwa mwenzako tu. Zinakaa kwenye seva zao na funguo wanazo wao. Soga ya siri ndiyo inayofungwa hivyo, lazima uiwashe mwenyewe kwa kila mtu, na makundi hayana kabisa. Watu wengi wanadhani wanatumia soga ya siri kumbe hawajawahi kuifungua hata mara moja.

#19 Mtaa wa Nne
Sawa, na WhatsApp? Nao si wanatumia ufungaji uleule wa Signal tangu 2016? Mbona mnawaponda?

#20 Fundi Seva
Wanautumia, ni kweli, na tangu 2021 hata nakala ya akiba unaweza kuifunga, ukiwasha. Maneno yako hawayasomi. Ila nani anaongea na nani, saa ngapi, mara ngapi, nani yumo kwenye kundi gani, namba za watu zilizomo kwenye simu yako ukiruhusu, hayo ni habari tosha. Mtu anayepigia hospitali ya saratani usiku kisha akampigia mwanasheria asubuhi, unahitaji kusikia walichosema?

Na msinigeuze mhubiri. Signal nayo inadai namba ya simu kujiandikisha. Tangu 2024 unaweza kuificha kwa wenzako na kutumia jina la mtumiaji, lakini kufungua akaunti bila namba bado hapana.

#21 Mzee wa Terminali
Waambie na ile ya seva. Kuanzia 2020 hadi 2021 Signal walikaa karibu mwaka mzima bila kuweka hadharani msimbo mpya wa seva yao. Chanzo huria gani hicho cha mwaka jana?

#22 Kufuli
Na bado ufungaji unafanyika kwenye simu, msimbo wa simu ulikuwa wazi muda wote. Seva ilikuwa inabeba bahasha zilizofungwa. Mzee unapenda kuchukua jambo la kweli ukalitumia kumtisha mgeni.

#23 Bi Nukta
Barua pepe hamjaigusa. Watu wanataja Proton ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani. Mkuu, uelewe unachonunua. Barua kati ya Proton na Proton inafungwa moja kwa moja. Ukimwandikia mtu wa Gmail kwa njia ya kawaida, nakala yake iko Google kama kawaida, hujaficha kitu. Na Proton haifungi kichwa cha barua kwa namna hiyo, Tuta inafunga. Usiandike siri yako kwenye kichwa.

Mwaka 2021 Proton walilazimishwa na mamlaka za Uswisi kurekodi anwani ya mtandao ya mwanaharakati wa mazingira wa Ufaransa, wakairekodi na kuitoa. Watu wakapiga kelele "wametusaliti". Hawakufungua barua zake, hawana uwezo huo. Ila sheria za nchi zinawabana kama kampuni nyingine yoyote, na maneno ya kwenye tovuti yao ikabidi wayabadilishe.

Namna ya kuhama: fungua mpya, ya zamani iache hai ipeleke barua huko mpya. Kila huduma inapokuandikia kupitia ya zamani, ingia ubadilishe anwani hapohapo. Zitapungua zenyewe. Anayefunga ya zamani kwa hasira atakuja kulia siku anapotaka kurudisha akaunti ya kitu alichokisahau.

#24 Sijali
Swali la kijinga: hivi vyote vya bure, nani analipa? Huwa mnasema kitu cha bure bidhaa ni wewe. Imekuwaje huku bure ni utakatifu?

#25 Nuru
Si la kijinga, Sijali, leo umeamka vizuri. Kila mmoja ana njia yake na kila njia ina kasoro. Signal wanaishi kwa michango. Taasisi yao ilianza 2018 na dola milioni 50 za Brian Acton, mmoja wa waanzilishi wa WhatsApp, na fedha ya namna hiyo huisha. Proton na Bitwarden wanauza huduma za kulipia, wa bure anabebwa na anayelipa. Mozilla, wanaotengeneza Firefox, sehemu kubwa ya mapato yao inatoka Google, ili Google iwe injini ya kutafutia ya kwanza ndani ya Firefox. Yaani kivinjari alichokishauri Bi Nukta kinalishwa na yule unayemkimbia. F-Droid, duka la programu za chanzo huria za Android, ni la watu wa kujitolea.

#26 Kipanga
Na Februari 2025 Mozilla hao hao wakaondoa kwenye tovuti yao ile ahadi ya kutouza data zenu. Wakasema ni mambo ya tafsiri ya kisheria ya neno kuuza. Mimi nilihamia LibreWolf siku hiyohiyo.

#27 Bi Nukta
Ambayo ni Firefox iliyovuliwa baadhi ya vitu. Mozilla ikifa, LibreWolf inaishi kwa msimbo wa nani? Umehamia chumba cha nyuma cha nyumba ileile.

#28 Fundi Seva
Mfano mzuri wa fedha ni Simple Mobile Tools. Zilikuwa programu ndogo za Android, kalenda, picha, majina, chanzo huria safi, watu wakizipenda. Mwishoni mwa 2023 mwenye mradi akaziuza kwa kampuni ya kibiashara. Waliozipenda wakachukua msimbo wa mwisho uliokuwa wazi wakauendeleza kwa jina la Fossify. Mwanagenzi, ukitaka kalenda na picha zisizoomba intaneti, Fossify ziko F-Droid.

#29 Mtaa wa Nne
Ramani je? Na kutafuta?

#30 Nuru
Kutafuta, wengi wanaanza na DuckDuckGo. Majibu yake kwa sehemu kubwa yanatoka Bing ya Microsoft, na injini yenyewe si chanzo huria. Mwaka 2022 iligundulika kivinjari chao kinaviacha vifuatiliaji vya Microsoft vipite kwa sababu ya mkataba, wakarekebisha baada ya kelele. Naitumia hata hivyo. Kwa anayetaka chanzo huria kweli ipo SearXNG, ila uendeshe seva mwenyewe au umwamini anayekuendeshea.

Ramani, Organic Maps. Unapakua eneo zima kwenye simu, unazunguka bila intaneti, hakuna anayejua unakwenda wapi. Data ni ya OpenStreetMap, mradi wa kujitolea ulioanza Uingereza mwaka 2004. Foleni haikuonyeshi. Na kuna sehemu ramani ni nyeupe kwa sababu hakuna aliyejitolea kuichora. Kwetu njia ya mkato haikuwepo, nikaichora mwenyewe. Baada ya muda nikamsikia mtu nisiyemjua anaelekezwa kwa simu apite humo.

#31 Mzee wa Terminali
Haya yote ni kupaka rangi. Simu yenyewe chini ni ya Google. Dawa ni kuweka GrapheneOS, mfumo mwingine wa simu.

#32 Kufuli
Ambayo kwa miaka yote imekuwa ya simu za Pixel. Kumkimbia Google, nenda kanunue simu ya Google. 😂

#33 Mzee wa Terminali
Cheka, ila Pixel inakuruhusu kuweka mfumo mwingine na kuufunga tena kwa usalama. Simu nyingi haziruhusu.

#34 Fundi Seva
Mzee yuko sahihi kiufundi, na kwa mgeni ni ushauri mbaya. Kuna programu za benki zinakagua kama mfumo umeidhinishwa na Google na kukataa kufunguka. Rafiki yangu alihama mwishoni mwa wiki kwa furaha zote, Jumatatu anataka kulipia kitu, programu ya benki yake haifunguki. Sasa anatembea na simu mbili, ya faragha na ya maisha.

#35 Kipanga
Na VPN hakuna aliyetaja?

#36 Nuru
Kwa sababu matangazo yake yameshataja vya kutosha. VPN inamficha unakokwenda mtoa huduma wako wa intaneti, inampa mwenye VPN. Umehamisha imani, hujaiondoa. Ukiwa umeingia kwenye akaunti yako ya Google, Google inakujua hata upitie mwezini. Pa kuitumia papo, ila si dawa ya godoro.

#37 Mwanagenzi
Wakuu nimefika hapa: tochi nimefuta. Kitambulisho cha matangazo nimefuta. Firefox na uBlock Origin ninavyo, na kurasa zinafunguka haraka kuliko mwanzo, hilo sikulitegemea. Bitwarden nimeanza, nywila kuu iko kwenye karatasi. Signal nimeweka, nina watu watatu humo na mmoja ni mimi kwenye kompyuta. Barua pepe naiacha kwanza. F-Droid nimeiweka, simu ikanionya kama vile naingiza nyoka ndani.

Kibodi ile nimeiondoa pia, ila hii iliyokuja na simu nayo siielewi. Kila ninachoandika si kinapita hapo? Hata nywila?

#38 Bi Nukta
Umekwenda vizuri. Onyo la F-Droid ni la kawaida kwa kila kinachotoka nje ya duka la Google. Wenyewe hujenga programu nyingi kutoka kwenye msimbo wake, na zenye kasoro wanaziwekea alama kwenye ukurasa wake, kwa mfano kama inategemea huduma iliyofungwa. Soma hizo alama kabla ya kupakua.

Kibodi: HeliBoard. Haiombi ruhusa ya intaneti kabisa, kwa hiyo haina njia ya kutuma unachoandika. Kuandika kwa kutelezesha kidole haiji nako, unapaswa kuongeza faili la pembeni.

#39 Kufuli
Akitaka kuandika kwa sauti aangalie FUTO Keyboard, inageuza sauti kuwa maandishi ndani ya simu bila kutuma popote.

#40 Mzee wa Terminali
FUTO si chanzo huria. Msimbo unauona, ila leseni yao inakataza matumizi ya kibiashara. Uzi unasema chanzo huria.

#41 Kufuli
Haitumi data, haina matangazo, msimbo unasomeka. Wewe mwenyewe kwenye #5 ulisema leseni haisemi chochote kuhusu faragha. Leo leseni imekuwa kila kitu?

#42 Mzee wa Terminali
Leo haitumi. Kesho wakibadili nia, nani ana haki ya kuchukua msimbo akauendeleza na kujipatia riziki kwao?

#43 Kufuli
Simple Mobile Tools ilikuwa na GPL kamili, leseni inayomruhusu yeyote kuchukua msimbo na kuuendeleza, na iliuzwa vilevile.

#44 Mzee wa Terminali
Na kwa sababu ilikuwa GPL, Fossify ipo.